Usiweke Sahihi Kabla ya Kuhesabu



Tangu serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi wake mnamo 1993, sisi huku Meru na Embu tumewapokea wengi waliorudi na barua mfukoni. Tumeona hata baba aliyekaa miezi miwili bila kumwambia mkewe. Jamani, kupunguzwa kazini si aibu, wala si kosa lako.

Basi tufanye nini? Kwanza, usiweke sahihi siku hiyo hiyo. Nenda na karatasi nyumbani mkahesabu pamoja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja au alipe mshahara wake. Alipe likizo ambayo hukuenda. Tena alipe siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Aliyepata shilingi 20,000 kwa mwezi akafanya miaka 12, hizo siku peke yake ni kama 120,000.

Hicho ni kiwango cha chini, kwa hivyo mwaweza kuomba zaidi. Mkienda pamoja, au na chama cha wafanyakazi, mtasikizwa kuliko mmoja mmoja. Mkikataliwa, nendeni kwa afisa wa leba.

Pili, pesa zikifika, msikimbilie kununua matatu iliyochakaa. Lipeni madeni na karo, halafu mfikirie ng'ombe wa maziwa.

Nanyi wa vikundi, mkaribisheni aliyerudi mapema, kabla pesa zake hazijafika. Yeye ni mwenzetu hata akiwa mikono mitupu.