Ganda la Risasi Jalalani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wachambuaji taka, wayeyushaji vyuma na wanunuzi wa vyuma chakavu wa Buterere

Nimeombwa niseme juu ya kitu kisichozidi urefu wa kidole, nacho ni ganda la risasi. Buterere ndipo zinapomwagwa taka za Bujumbura, na mji uliopitia vita vilivyoanza mwaka 1993 haukosi kumwaga, pamoja na maganda ya ndizi, maganda ya namna nyingine.

Tuanze kwa kukijua kitu chenyewe. Risasi nzima ina viungo vinne: ganda, baruti iliyomo ndani yake, kichwa kinachoruka kwenda mbali, na fataki, yaani kile kisahani kidogo cha duara katikati ya kitako, ambacho pini ya bunduki hukigonga ili kuiwasha baruti. Ganda bora hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu kiasi cha sehemu 70 kwa mia na zinki sehemu 30. Haikuchaguliwa kwa kung'aa kwake. Bunduki inapolia, gesi ya baruti husukuma kwa nguvu inayozidi mara 3,000 mgandamizo wa hewa hii tunayoivuta. Ganda hutanuka, likaubana ukuta wa bunduki usipitishe moto nyuma usoni kwa mpigaji, kisha hunywea kidogo likaweza kutolewa. Ili liifanye kazi hiyo, kiwandani hufanywa kitako kigumu na shingo laini, kila sehemu kwa kadiri yake.

Katika nchi ambazo sheria inaruhusu, Marekani kwa mfano, wako wawindaji na walenga shabaha wanaoyajaza upya maganda yao wenyewe. Nawataja kwa sababu hao ndio wanaojua zaidi ganda zuri ni lipi, na uchaguzi wao ni mkali kama wa sonara. Huchukua maganda ya kiwanda kimoja na ya fungu moja, ambayo wanajua yamepigwa mara ngapi na kwa bunduki ipi. Huyasafisha, huyapima, huyapunguza yaliyorefuka, huyakagua shingo moja baada ya jingine. Lenye ufa hutupwa. Lenye mstari unaong'aa kulizunguka, juu kidogo ya kitako, hutupwa pia, maana hapo ukuta umekwisha kuwa mwembamba na siku moja ganda litakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Na lile lisilojulikana lilikotoka, hata liwe zuri machoni, wenye busara miongoni mwao huliacha chini.

Sasa lipimeni ganda la jalalani kwa kipimo hicho. Taka huwaka, na ninyi mnaushi moshi wake kila siku. Shaba ya njano iliyopita motoni hulainika, na kitako kikishalainika hakirudishiwi ugumu wake kwa kuoshwa wala kwa kusuguliwa majivu. Likipigwa tena, kitako hicho hakiwezi kuizuia gesi. Hata ganda ambalo halikuguswa na moto lina adui mwingine jalalani, naye ni amonia, ile harufu kali inayotoka katika mkojo na vitu vinavyooza. Jeshi la Uingereza lilipokuwa India liliona maganda yake yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika, bila kupigwa. Ilichukua muda mrefu kugundua kwamba hewa ya mabanda ya farasi ilikuwa ikiila shaba penye mkazo. Jalala letu ni banda kubwa kuliko yote ya farasi waliopata kuwa nayo.

Kwa hiyo akija mtu hapa kuwaambia kwamba ananunua maganda ili ayajaze, jueni ama haijui kazi anayoitaja, ama anaijua na hajali atakayeumia. Mugobore, zile bunduki za kienyeji tulizozizoea miaka ya vita, zimewajeruhi hata walioshika kitako chake, kwa kuwa bomba lisilolingana na ganda haliwezi kulishikilia linapotanuka. Tena kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya sheria ya silaha nyepesi ya mwaka 2009, na nchi yetu ilikwisha kujifunga kwa jirani zake katika Itifaki ya Nairobi iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004. Juu ya sheria sitasema zaidi. Mmesikia mengi juu yake kwa watu wengine.

Nitasema juu ya fedha, kwa sababu najua mtu hainami juani kwa ajili ya kujifurahisha. Ganda la bunduki la shaba huwa na uzito wa gramu 6 hadi 12, basi kilo moja inataka maganda kati ya 80 na 170. Mara nyingi hata shaba yenyewe haipo. Risasi za bunduki za aina ya Kalashnikov, ambazo ndizo zilizomwagika zaidi katika nchi hii, kwa sehemu kubwa zina ganda la chuma cha kawaida kilichopakwa rangi au utando mwembamba wa shaba juu. Mnunuzi akileta sumaku, hunasa. Mama anaweza kukusanya wiki nzima kitu ambacho mizani itakihesabu kuwa chuma.

Na hatari yake haina uwiano na bei hiyo. Wayeyushaji, nisikilizeni hapa. Shaba ya njano haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 900. Baruti huwaka kabla ya joto kufika nyuzi 200. Maana yake, risasi moja iliyojificha katika gunia la vyuma italipuka muda mrefu kabla chungu chenu hakijaanza kuwa chekundu, mkiwa bado mmeinama mnapuliza moto. Watu hudhani kichwa cha risasi ndicho kitakachoruka. Nje ya bunduki, kichwa ni kizito na huenda polepole. Kinachoruka kwa kasi ni fataki na vipande vya ganda, kwa kuwa ni vyepesi, navyo hutafuta macho.

Basi kitako kinasemaje? Fataki ikiwa na kidimbwi katikati na kichwa hakipo, ganda limekwisha kupigwa. Fataki ikiwa laini, haina alama, hata kama ganda ni tupu, fataki hiyo bado hai. Na iko ile ya tatu, ambayo mimi naiogopa kuliko zote: fataki ina kidimbwi, lakini kichwa cha risasi bado kipo mdomoni. Hiyo ni risasi iliyogongwa ikakataa kuwaka. Wengi huiita iliyokufa, wakampa mtoto achezee. Haikufa. Kwa sababu hiyo nawaomba msiokote ili mpate kutazama. Tazameni kwa macho, mikono ikiwa nyuma. Likiwa limefunikwa na matope na kitako hakionekani, lihesabuni kuwa hai.

Liko jambo jingine, nalo ndilo hasa lililonileta kwenu. Ganda lililopigwa ni shahidi. Pini huacha alama yake kwenye fataki, na ule ukucha unaovuta ganda kutoka katika bunduki huacha mkwaruzo wake ukingoni. Bunduki mbili za kiwanda kimoja haziachi mikwaruzo iliyo sawa. Mwaka 1929 watu saba waliuawa katika gereji moja huko Chicago, na baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Mtaalamu Calvin Goddard aliyalinganisha maganda na vichwa vya risasi vilivyookotwa na zile zilizopigwa kwa bunduki za polisi wa mji ule, akaonyesha kwamba bunduki za polisi hazikuhusika. Mwisho wa mwaka huo bunduki zenyewe zilipatikana nyumbani kwa mhalifu, naye akazitambua. Mimi hupenda kuwakumbusha wenzangu kisa hiki: maganda yaliwaondolea polisi tuhuma, kama ambavyo siku nyingine yangeweza kuwatia hatiani.

Hapa kwetu, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo waliuawa kambini Gatumba, si mbali na hapa tulipoketi. Maganda yaliyobaki pale yalisomwa vitako, na alama zikaonyesha risasi zilizotengenezwa China, Bulgaria na Serbia. Kitako hutaja kiwanda na mwaka. Hakitaji nani aliyenunua wala kwa njia ipi zilifika. Hayo hujulikana zaidi kwa namba ya fungu iliyoandikwa kwenye sanduku. Kwa hiyo, mkiona jalalani sanduku la bati au la mbao lenye maandishi ya namna hiyo, mbao zake ni kuni kwenu, lakini kwa wapelelezi lina thamani kuliko risasi zilizokuwamo. Ganda nalo likishaokotwa, likaoshwa na kutiwa guniani pamoja na mengine, shahidi huyo amenyamazishwa, na hakuna atakayeweza kusema lilianguka wapi.

Mkiona ganda moja au mengi, liacheni lilivyo. Wekeni alama kwa mti au kitambaa hatua kadhaa pembeni, waondoeni watoto, mpelekeeni habari mkuu wa mtaa au kituo cha polisi.

Najua mnachojiuliza, kwa sababu nami ningejiuliza: je, nikienda kusema, sitaulizwa nilipata wapi na kulazwa ndani? Polisi ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwisho wa mwaka 2004, ikawakusanya watu wa pande zilizokuwa zikipigana, na hofu ya sare haifutwi kwa sheria. Kwa hiyo nasema mbele ya wakuu wangu waliopo hapa: anayeleta habari asifanywe mtuhumiwa kwa kuwa ameleta habari. Aulizwe mahali, saa na alichokiona, kisha aachwe arudi kazini kwake, kwani siku yake ikipotea watoto wake hawali. Tukimweka kituoni tangu asubuhi hadi jioni mchambuaji mmoja, ganda la pili halitaletwa kwetu, litaletwa kwenye mizani.

Na kwa yule ambaye tayari ana mfuko wa maganda nyumbani, chini ya kitanda au nyuma ya jiko: usiubebe kwa baiskeli wala kwa basi kuuleta kituoni, wala usiutupe katika mtaro au chooni. Utoe watu ndani ya chumba hicho, acha mfuko ulipo mbali na moto, umwambie mkuu wa mtaa aje nasi. Tutaufuata wenyewe.