Mlinzi Aliyeosha Majeraha

Somo letu la leo latoka katika Matendo ya Mitume, mlango wa 16.

Habari yenyewe twaijua. Paulo na Sila walipigwa, wakafungwa kule Filipi. Usiku nchi ikatetemeka na milango ikafunguka. Wahubiri wengi hutueleza juu ya tetemeko, kisha juu ya ubatizo wa mlinzi na jamaa yake. Lakini kati ya hayo liko jambo dogo. Usiku ule ule, kabla hajabatizwa, mlinzi yule aliwaosha wafungwa wake majeraha. Baadaye akawaandalia chakula nyumbani mwake. Imani yake ilionekana kwanza katika maji na kitambaa.

Ndugu msikilizaji, mfungwa ana roho, na pia ana mwili. Tuchukue mfano wa karibu nasi.

Sisi wa Ndanai twamjua mama apikaye chang'aa. Pengine ni mjane. Pengine mume yuko, lakini pesa za chai na maziwa hazifiki nyumbani. Karo inadaiwa, naye anatega mtungi wake karibu na mto. Mpikaji lazima aonje. Leo kikombe, kesho viwili, na baada ya miaka michache muuzaji amekuwa mnywaji. Siku ya msako wanywaji hukimbia. Mama hubaki na mtungi, naye ndiye apelekwaye mahakamani. Asipoweza kulipa faini, safari yake ni ya kupitia Sotik na Litein mpaka gereza la wanawake la Kericho.

Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Sheria ya mwaka 2010 iliiondoa ile ya kwanza, ikaruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa leseni na kutiwa chupani. Lakini mtungi wa mtoni ungali ni kosa, na hatari yake ni ya kweli. Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Kwa hiyo hatusemi mama huyu hana kosa. Twauliza: mwili wake unapatwa na nini baada ya mlango kufungwa?

Sikilizeni vizuri, maana jambo hili laweza kuokoa maisha. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatizwa pombe ghafula, mwili huasi. Katika siku ya kwanza hutetemeka, hutoka jasho, hutapika, wala hapati usingizi. Siku ya pili au ya tatu aweza kushikwa na kifafa, au kuona vitu visivyokuwako na kupiga kelele. Wengine husema ana pepo, wengine husema ajifanya. Huo ni ugonjwa, nao waweza kuua. Dawa zake ziko, na daktari anazijua. Basi mama akikamatwa, jamaa wasifiche kwa aibu. Wamwambie askari na muuguzi wazi: huyu hunywa kila siku, hunywa kiasi hiki, na mara ya mwisho alikunywa saa fulani.

Tena mwili wa mwanamke hauna maji mengi kama wa mwanamume. Kikombe kile kile humdhuru yeye zaidi, na ini lake huharibika mapema. Akiwa na mimba, pombe humfikia mtoto tumboni. Na sheria ya Kenya huruhusu mtoto mchanga akae gerezani na mama yake mpaka afikapo miaka minne. Kwa hiyo tumwombeapo mfungwa mmoja, pengine tunawaombea wawili.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni juu ya wafungwa wanawake, ziitwazo Kanuni za Bangkok. Zinataka kila mwanamke aingiapo gerezani apimwe afya yake, pamoja na kuulizwa kama ametawaliwa na pombe au dawa za kulevya, na atibiwe. Je, si ndilo alilolifanya mlinzi wa Filipi?

Kenya pia ina sheria ya mwaka 1998 ya kutumikia jamii. Mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu aweza kuamriwa na mahakama afanye kazi ya umma, huku akilala kwake na watoto wake. Wazee wa kanisa wakiulizwa na ofisa habari za mama kama huyu, na waseme kweli kwa upole.

Sasa, wapendwa, liko jaribu kubwa kuliko gereza, nalo ni siku ya kurudi. Mama ameshuka garini Ndanai. Miezi kadhaa hakuonja. Mtungi wake ungali pale pale, na wateja wa zamani wanamsalimu kwa furaha. Je, sisi wa kanisa tutamsalimu kwa furaha kama hiyo? Ikiwa mlango wa kilabuni ndio pekee ulio wazi, ataingia. Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, hakumtuma na maonyo tu, bali aliomba apokewe kama ndugu. Na mama huyu apokewe hivyo. Ushirika wa akina mama wamkaribishe katika chama chao cha akiba, wamsaidie apate kuku au miche ya mboga, na wamsindikize kliniki.

Na wewe mwanamume uliyekimbia siku ya msako, nawe Bwana anakuita. Fedha zako ndizo zilizochemsha mtungi ule.

Na tuombe. Baba wa rehema, uwakumbuke dada zetu walio kifungoni, pamoja na watoto wao. Uwape askari na wauguzi moyo wa mlinzi wa Filipi. Nasi utupe maji, kitambaa na mlango ulio wazi. Katika jina la Yesu, Amina.