Mmea Nao Utoe Ushahidi

Askari anajua kuwa uvumi si ushahidi. Mtuhumiwa hahukumiwi kwa maneno ya sokoni, bali kwa mambo yaliyochunguzwa yakathibitika. Kanuni hiyo yaipasa pia miti-shamba inayosifiwa kuwa huzidisha kumbukumbu.

Haragwe la Calabar, huko Nigeria, ni fundisho. Zamani Waefik walimlisha mshukiwa wa uchawi haragwe hilo lenye sumu. Aliyetapika akapona alihesabiwa hana hatia. Aliyekufa, kifo chake ndicho kilichokuwa hukumu. Mmea ulifanywa hakimu wa binadamu.

Baadaye mambo yaligeuka, binadamu akawa hakimu wa mmea. Mwaka 1855 daktari Robert Christison wa Edinburgh alilionja haragwe hilo mwenyewe. Mwili ukamlegea, ikambidi ajitapishe. Mwaka 1864 wanakemia wa Ujerumani waliitenga sumu yake, iitwayo fisostigmini. Hatimaye ilibainika kuwa sumu hiyo huzuia kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupelekeana habari, hata ubongoni.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wanaume 19 wenye afya walitiwa mshipani miligramu 1 ya fisostigmini siku moja, na maji ya chumvi siku nyingine. Kwa dawa, waliyahifadhi na kuyakumbuka vizuri zaidi mambo waliyojifunza. Hata hivyo, fisostigmini haikupata kuwa dawa ya kawaida ya wazee wenye maradhi ya usahaulifu, kwani nguvu yake haidumu, nayo huleta kichefuchefu na kutapika. Rivastigmini, dawa iliyobuniwa kwa kufuata umbo lake, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Hupunguza dalili kwa kiasi, wala haiponyi.

Basi askari anayejiandaa kwa mtihani wa cheo, akiuziwa unga wa mizizi ili asisahau, na aulize kama mpelelezi: Ndani mna nini? Kipimo ni kipi? Ilijaribiwa kwa nani, ikalinganishwa na nini? Ilimdhuru nani?

Kuuliza hivyo si kuwadharau waganga. Haragwe la Calabar lathibitisha kuwa mimea ya Afrika ina nguvu za kweli. Lakini nguvu isiyopimwa ni bunduki mikononi mwa asiyefunzwa shabaha.