P ya Mkononi na P ya Giaboksi

Msikilizaji, ukisafiri kati ya Bariadi na Lamadi utaiona Noah ikisimama Dutwa. Dereva anasukuma mkono wa gia hadi P, yaani gia ya kuegesha, anashuka kupokea nauli, injini inaunguruma, na nyuma ya gari watu wanapakia magunia. Leo nataka tuizungumzie hiyo P.

Noah ya zamani, ile Toyota iliyoanza kutoka Japani mwaka 1996, mkono wake wa gia otomatiki umekaa kwenye usukani. Kutoka pale hadi kwenye giaboksi kuna fimbo, viungo na bushi ndogo. Bushi zikilika, au nati ya kiungo ikilegea, mkono unafika P lakini leva ya giaboksi inaishia njiani, kati ya P na R, gia ya kurudi nyuma. Dereva anaona gari limefungwa, kumbe halijafungwa. Injini ikiwa inawaka, mtikisiko tu unaweza kulirudisha nyuma, kwa hao wanaopakia magunia.

Marekani walilia kilio kinachofanana na hiki. Magari mengi ya Ford yalilalamikiwa kwamba yanaachwa kwenye P kisha yanarudi nyuma. Chanzo kilibishaniwa sana, na mwaka 1980 serikali ilikubaliana na kampuni iwatumie wenye magari yapatayo milioni 23 stika ya onyo: hakikisha gia imeingia P, vuta handibreki, zima injini. Kuwatwisha madereva mzigo wote kwa stika haikuwa haki hata kidogo. Lakini maneno yale matatu ni ya kweli hata hapa kwetu.

Na marekebisho yenyewe hayahitaji mitambo mikubwa. Gari liwe mahali tambarare, limezimwa, limewekewa kabari na handibreki imevutwa. Fundi analegeza nati ya kiungo kule kwenye giaboksi, anaisukuma leva hadi mwisho upande wa P, kisha anairudisha hatua mbili: R, halafu N, yaani gia huru. Juu, mkono nao unawekwa N. Msaidizi anaushikilia kwa wepesi kuelekea upande wa R, na fundi anakaza nati. Bushi iliyokwisha ibadilishwe kwanza; kurekebisha fimbo yenye bushi mbovu ni kazi itakayodumu wiki moja tu. Baada ya hapo, gari lijaribiwe huku mguu ukiwa kwenye breki: liwake kwenye P na N pekee, na taa za nyuma za kurudi ziwake kwenye R.

Kuna mafundi wanaounga waya moja kwa moja ili gari liwake kwenye gia yoyote. Huko ni kuhatarisha maisha ya watu, na mwenye gari anayekubali ana hatia sawa na fundi.

Hata mfuko wako unaumia. Leva ikikaa katikati ya gia, presha ya oili haifiki inavyotakiwa, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Mtu anauza ng'ombe anunue giaboksi nyingine, wakati kasoro ilikuwa nati moja ya nje.

Wenye michomoko, yaani hizi Noah za abiria, nawaomba: kabla ya msimu wa pamba kuanza, fimbo ya gia ikaguliwe. Nawe dereva, ukisimama Dutwa, zima injini na uvute handibreki kabla hujafungua mlango.