Projekta Katika Mkutano Mkuu



Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, Kasansa kama kwingineko mkoani Katavi, mwanachama ana haki ya kuiona mizania kwa macho yake. Projekta ikigoma, hesabu husomwa harakaharaka na maswali hupotea.

Ukuta ukiwa mtupu ilhali taa inawaka, chombo kisilaumiwe: waya ukazwe, kisha kichaguliwe kiingilio kilichounganishwa na kompyuta. Picha ikiwa pana juu kuliko chini, projekta imeinuliwa mno. Ikizimika yenyewe, mara nyingi ni joto. Vumbi la kiangazi limeziba kichujio. Zile za taa ya zebaki zisichomolewe kabla feni haijasimama, japo mwenye jenereta anahimiza petroli isiishe. Nakala za karatasi ziwepo mezani vilevile.