Maji ya Mvua kwa Nyumba ya Masomo

Wababa, wamama na wazee wa Lushebere, sikilizeni. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano, lakini watoto wa masomo wangali wanashuka kijitoni na bidoni. Saa za kutembea ni saa zilizoibwa kwa kusoma, na wasichana ndio wanaotumwa zaidi. Munajua kijito kinavyogeuka matope pale watu wanapooshea mchanga wa koltani juu yake, kama kule Rubaya. Na pale wachimbaji wengi wanapokaa bila vyoo, mvua inashusha uchafu wao mpaka majini. Hiyo ndiyo njia ya kolera.

Mzee atauliza: Paa letu linatosha? Tupime. Mvua ya milimeta 1 juu ya meta mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8 ni meta mraba 160. Pimeni chini, ukingo kwa ukingo. Musifuate mwinamo wa bati. Mvua ya milimeta 10 itatoa lita 1,600. Toeni sehemu moja ya tano inayoruka na kupotea, zinabaki lita 1,280. Lakini paa liwe la mabati; manyasi yanachafua maji.

Sasa tanki. Wengine wanataka tanki la kupita kiangazi chote. Huko ni kupoteza simenti. Kiangazi ni mwezi wa sita mpaka wa nane, na sehemu yake kubwa watoto wako kwa likizo. Siku ngumu ni za mwezi wa sita. Wanafunzi 200, kila mmoja lita 2, ni lita 400 kwa siku. Kwa siku 22 za masomo ni lita 8,800. Tanki la mviringo, upana meta 2 na nusu, kimo meta 2, linashika karibu lita 9,800. Linatosha, ikiwa limejaa mwezi wa tano ukiisha.

Fikirini vema mahali pa kulijenga. Likijaa, maji peke yake yana uzito wa karibu tani 10, na vilima vyetu vya Masisi vinaporomoka. Musilijenge juu ya udongo wa kujaza, wala upande wa juu nyuma ya darasa, maana likipasuka litawaangukia watoto. Liwekeni kichwani mwa nyumba, juu ya udongo mgumu na mawe. Maji yanayozidi yapelekwe kwa migomba, mbali na msingi.

Mfereji wa bati ushuke sentimeta 1 kwa kila meta 2. Kwa meta 20 ni sentimeta 10. Bomba la mwisho liwe la kugeuza. Mvua ikianza, maji ya kwanza yamwagike chini pamoja na mavi ya ndege na vumbi, kisha mutageuza bomba kwa tanki.

Tena kuna mlima wetu wa moto. Nyiragongo ulilipuka mwaka 2002 na 2021, lakini hata siku nyingine moshi wake unasukumwa na upepo kwenda magharibi, upande wetu. Mvua inayopita katika moshi ule inaweza kubeba floridi, na ikizidi inaharibu meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi. Siku munapoona majivu juu ya majani ya migomba, bomba libaki limegeuzwa nje.

Mufunike tanki kwa kifuniko, na tundu la kuingizia maji kwa wavu, mbu wasizae ndani. Pipa lililokuwa na petroli au dawa za mgodi musilitumie kamwe. Maji ya kunywa yachemshwe.

Neno gumu ni ufunguo wa robine. Kiangazi kikifika, majirani watakuja na bidoni, na kumkatalia mama mwenye mtoto mgonjwa si kazi nyepesi. Amueni mbele ya kujenga, si siku ya ugomvi. Mimi ningeuweka kwa mwalimu mmoja na mama mmoja wa kijiji, wakiwa na fimbo ya kupimia. Sentimeta 10 za maji ni karibu lita 490, yaani siku moja ya masomo na kidogo. Fimbo ikionyesha sentimeta 40 tu, siku tano zimebaki, na jirani aonyeshwe fimbo.