Joto Lisile Faida ya Njegere

Ndugu wakulima wa Mgeta,

Leo nataka tuzungumze juu ya joto, maana joto huwaibia fedha njiani nanyi hamlioni.

Njegere iliyochumwa haijafa. Bado inapumua, na ndani yake vimo vimeng'enya, yaani vitu vidogo mno vinavyogeuza chakula cha mmea kutoka hali moja kuwa nyingine. Hivyo ndivyo vinavyogeuza sukari ya njegere kuwa wanga. Ndiyo sababu njegere ya leo ni tamu, na ya keshokutwa huwa ngumu, haina ladha. Mnunuzi huonja punje moja tu, kisha hutaja bei.

Kazi ya vimeng'enya hufuata joto. Joto likizidi kwa digrii 10, kazi hiyo huwa kiasi cha mara mbili, pengine tatu. Nyandira ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Morogoro, mita 500 hivi. Kila mshukapo mita 1,000, joto huongezeka kwa digrii 6 hivi. Tena gunia lenyewe huzaa joto. Tieni mkono katikati ya lumbesa iliyolala usiku kucha, mtasikia vuguvugu. Njegere zinapumua, zinapata joto, na kwa joto hilo zinazidi kupumua.

Basi fanyeni hivi:

1. Chumeni asubuhi, mara umande ukaukapo.

2. Tandazeni kivulini zipoe. Msiziache juani kungojea gari.

3. Pakieni katika matenga au magunia madogo yapitishayo hewa. Msishindilie.

4. Pelekeni sokoni siku ile ile.

Lakini joto likipita kiasi, huviharibu vimeng'enya kabisa. Hivyo ni protini, kama ute wa yai: ukishaiva haurudi kuwa mbichi. Kwa hiyo mboga ya kukausha ichovyeni kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha katika maji baridi safi, ndipo muianike. Mboga ya namna hiyo hutunza rangi na ladha yake vizuri zaidi.

Ndugu zangu, mmelima mteremko mkali na kupanda ngazi za matuta kwa jasho. Msikubali kazi ya miezi mitatu iharibike kwa mchana mmoja wa jua.